TREKTA LIPI LITAVUTA TELA LETU?

Ndugu wanaushirika,

Mkutano mkuu wa chama chetu cha ushirika utakaa mara tu alizeti itakapokwisha kupimwa. Jambo linalozungumzwa kisimani, vilabuni, kanisani na msikitini ni moja tu: tununue kitu gani cha kuvuta tela. Tela tunalo. Limesimama nyuma ya ghala, lina magurudumu mawili, chuma chake kizima, bodi yake ya mbao, na uwezo wake ni tani 3. Fedha ya msimu ipo benki. Kamati imeleta mapendekezo mawili, vijana wameongeza la tatu, na wazee wachache wanasema turudie maksai tuache kelele. Sisi wa ofisi ya tawi tumeombwa tuandike tunavyoona, nasi tunaandika.

Lieleweke kwanza jambo moja. Miaka ya themanini ushirika ulikuwa jumuiya ya Chama, na katibu akisema lilikuwa limesemwa. Tangu sheria ya ushirika ya mwaka 1991 ushirika ni mali ya wanachama wenyewe. Kwa hiyo haya si maagizo. Ni maoni ya watu wenye kura moja moja kama ninyi, nanyi mna ruhusa ya kuyapinga kwa kuandika hapo chini, mradi mtu aandike jina lake.

Tunavyoona sisi, swali limeanzwa kwa upande usiofaa. Kila mtu anauliza, "Lina nguvu ya farasi ngapi?" Hakuna aliyeuliza litasimamaje. Jamani, kuvuta si kazi kubwa. Trekta lolote la wastani litalitoa tela letu ghalani likiwa limejaa. Kazi ipo pale njia inapoteremka kuingia korongoni, tani kadhaa zikiwa nyuma ya mgongo wa dereva na tela halina breki hata moja. Hapo si trekta linalovuta tela, ni tela linalosukuma trekta. Na tukishavuka mchanga wa korongo tunapanda ng'ambo ya pili, na hapo kila kilichoungana kwa kubahatisha kinaachana.

Njia yenyewe mnaijua. Kilomita 14 mpaka soko la nafaka Kibaigwa, korongo moja, kipande cha mbuga nyeusi ambacho mvua ikinyesha hakipitiki, halafu barabara kuu ya Dodoma na Morogoro yenye mabasi na malori yasiyomngoja mtu. Mnunuzi mwenye akili anaanza na mzigo na njia hiyo, ndipo anatafuta cha kuvuta.

Hebu tufanye hesabu, ile ile ya kujumlisha na kutoa tuliyojifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Trekta la farasi 60 hivi lina uzito wa karibu tani 2 na nusu. Mafundi wenye busara wanasema tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi uzito wa trekta linalolivuta, tena liende polepole. Tela letu tupu lina tani 1. Basi nafasi iliyobaki ni tani 1 na nusu, yaani gunia 15 za kilo mia. Gunia 15 tu! Na hizo ni gunia za halali. Ukiweka lumbesa ya kilo 130, gunia 15 zinakuwa karibu tani 2, na hesabu imekwisha kuharibika kabla hatujatoka kijijini. Lumbesa imekatazwa kwa sababu inamwibia mkulima, hilo tunaliimba kila mwaka. Tuongeze sasa kwamba inaharibu breki na kuvunja miguu ya watu.

Tela likiwa na breki zake, zile zinazofanya kazi pamoja na breki za trekta, linaweza kubeba tani zake 3, yaani gunia 30. Tuseme wanachama wana gunia 600 za kupeleka sokoni. Bila breki ni safari 40. Kwa breki ni safari 20. Kila safari ni kilomita 28 kwenda na kurudi, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 560 za dizeli ambazo hazitachomwa, kila msimu. Wanaosema breki ni anasa wapige hesabu hiyo tena, wakiwa wamekaa.

Sasa tuje kwenye kiungo, maana hapa ndipo hasa tulipotaka kufika.

Mwaka juzi lile tela la kukodi lililochukua mahindi ya wanachama liliachana na trekta likipanda kutoka korongoni. Wote mnakumbuka. Juu ya magunia walikuwa wamekaa vijana wanne. Tela lilirudi nyuma, likapiga ukingo, likalala ubavu. Kijana wetu mmoja alivunjika paja, na leo hii anatembea kwa fimbo, hawezi kushika jembe kutwa nzima. Baadaye tulikwenda kuangalia. Mahali pa pini palikuwa pamechomekwa kipande cha nondo, chini kimefungwa waya wa kuezekea. Tundu lilikuwa pana, nondo nyembamba. Ilikuwa imecheza mle ndani safari nzima, inagonga mbele, inagonga nyuma, mpaka waya ukakatika na nondo ikaruka. Watu walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema mambo mengine ambayo hatutayaandika ubaoni. Sisi tunasema ni nondo.

Nondo imetengenezwa kukaa ndani ya zege. Haikutengenezwa kuvuta. Pini ya tela ni chuma kigumu, kinene, kilichonyooka, chenye kichwa juu na tundu dogo chini kwa ajili ya kipini cha kuzuia. Unene wake ulingane na tundu la trekta na pete ya tela, isibane kiasi cha kupigwa nyundo wala isicheze. Inachomekwa kutoka juu kwenda chini, ili uzito wake wenyewe uifanye ikae hata kipini kikipotea. Na hicho kipini kidogo ndicho watu wanakidharau. Kinapotea, mtu anaweka msumari, msumari unapotea, anaweka kijiti. Tunapendekeza chama kinunue vipini kumi kwa mara moja, vitundikwe ghalani, mtunza ghala avitoe kwa kuandikisha kama anavyotoa magunia.

Halafu mnyororo. Pini ikichomoka pamoja na kila tahadhari, ni lazima kuwe na kitu cha pili kinacholishika tela. Minyororo miwili, minene ya kutosha kuushika mzigo wote, ipite chini ya mkono wa tela kwa kupishana kama mikono iliyofumbatwa. Ikipishana hivyo, mkono wa tela ukianguka unalalia minyororo badala ya kuchoma ardhi. Mkono ukichoma ardhi huku tela lina mwendo, tela lote linapinduka kwa mbele. Mnyororo uwe na ulegevu wa kutosha kukata kona tu, usiburute chini.

Na wapi tela linafungwa? Hili ni la kufa na kupona, tunaomba lisomwe mara mbili, na asiyejua kusoma asomewe. Trekta lina chuma cha kuvutia, chini kabisa, nyuma, kati ya magurudumu makubwa. Hapo ndipo pa tela. Lina pia mikono ya kuinulia jembe, mmoja wake uko juu. Tumeona kwa macho yetu dereva amefunga mnyororo kwenye huo mkono wa juu kwa sababu eti chuma cha chini kimepinda. Ukivuta mzigo mzito kutoka juu ya ekseli ya nyuma, nguvu inayotakiwa kwenda mbele inalizungusha trekta lenyewe, pua inanyanyuka, na trekta linamlalia dereva chali. Linachukua chini ya sekunde 2. Hakuna kijana hodari wa kuruka kwa muda huo. Chuma cha chini kikipinda, trekta halivuti tela mpaka kinyooshwe na fundi. Basi.

Kupanga mzigo nako ni sehemu ya kiungo. Wenye mikokoteni wanalijua hili kuliko madereva. Ukirundika mzigo nyuma ya ekseli, mti wa mbele unanyanyuka, nira inawakaba maksai shingoni. Ukirundika wote mbele, shingo zinaelemewa. Tela la magurudumu mawili ni hivyo hivyo. Mzigo uelemee mbele kidogo tu. Sehemu moja katika kumi ya uzito kulalia kiungo si vibaya, inayasaidia magurudumu ya nyuma ya trekta kushika ardhi. Mzigo ukiwa nyuma, tela linainua mkia wa trekta na linayumba barabarani kama mlevi. Ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya trekta yanakuwa mepesi, dereva anazungusha usukani na trekta halimsikii.

Tukishasema hayo, sasa tunaweza kuyapima mapendekezo.

Maksai. Tusiwacheke wazee. Jozi ya maksai wetu wa kienyeji, kila mmoja kilo 300 hivi, wakipewa mkokoteni wa magurudumu ya mpira kwenye njia tambarare wanavuta hadi tani 1, na hawanywi dizeli. Kutoka mashambani mpaka ghalani hakuna kinachowazidi kwa bei, nasi tunataka waendelee na kazi hiyo. Lakini Kibaigwa na kurudi ni kilomita 28, wakati wa kiangazi, majani hakuna na maji ni ya kununua. Tena kwenye mteremko mkokoteni usio na breki unawasukuma wanyama kwa nyuma, na wengi tumeona makovu. Wabaki nyumbani, na wala si kwa dharau.

Powatila. Vijana wanaitaka kwa sababu bei yake ni ndogo na kila mmoja anadhani ataiendesha yeye. Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, powatila nyingi zilifika mikoani, na mahali penye majaruba ya mpunga zimefanya kazi nzuri, maana huko kwenye udongo laini wenye maji ndiko zinakofaa hasa. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni tofali. Lakini hapa hatuzungumzii kulima, tunazungumzia tela. Powatila ina farasi kama 12 mpaka 16, na yenyewe ni nyepesi mno mbele ya tela la tani 3. Hata ikipewa katela kake kadogo ina tabia moja ambayo muuzaji hakuwaambieni. Ile ya mishikio miwili inakata kona kwa kubana klachi ya upande mmoja. Kwenye tambarare unabana kushoto, inakwenda kushoto. Kwenye mteremko mkali, mzigo unapoisukuma, ukibana kushoto inakwenda kulia! Dereva mgeni akishtuka anabana zaidi, na anaingia korongoni akiwa ameshikilia mishikio yake. Kwa mzigo mdogo wa mbolea na maji hapa kijijini, sawa, siku nyingine tuijadili. Kwa tela hili, hapana.

Trekta kubwa kuukuu. Hili ndilo linalopendwa na baadhi ya wajumbe, na tunajua sababu yake. Ni kubwa, linanguruma, bei imepunguzwa, na mfanyabiashara anayeliuza ni mtu wa maneno matamu. Hatumtaji. Tunauliza tu: aina ile, nani mwingine analo katika wilaya hii? Vipuri vyake vinauzwa duka gani? Fundi gani amewahi kuifungua gia yake? Wajumbe walipoulizwa walijibu kwamba vipuri vinaagizwa. Vinaagizwa kutoka wapi, na mahindi yatangoja wapi?

Sisi wa Kongwa, ndugu zangu, ndio watu wa mwisho duniani wanaotakiwa kudanganywa na ukubwa wa mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wao wa karanga. Walileta matrekta na mabuldoza yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, mengi yalitoka mbali kama Ufilipino, yakiwa yamechakaa tangu siku ya kushushwa melini. Walichukua hata vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Farasi wa kila namna walikuwapo. Vipuri vilikosekana, mafundi walikosekana, mashine zikasimama porini mistari kwa mistari. Udongo nao ukikauka ulikuwa unaukaza mmea ardhini kama saruji, karanga hazichimbiki. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na fedha iliyopotea ilikuwa mamilioni ya pauni. Wale walikuwa na serikali nzima ya Uingereza nyuma yao. Sisi tuna akaunti moja benki.

Kwa hiyo msimamo wetu ni trekta la wastani, farasi 60 mpaka 70, lisiwe lazima jipya, lakini liwe la aina ambayo tayari inafanya kazi katika vijiji vya jirani na vipuri vyake mtu anakwenda kuvinunua Dodoma mjini au Morogoro asubuhi na kurudi jioni. Liwe na uzito wa kutosha. Trekta jepesi lenye nguvu nyingi linateleza kwenye mchanga na linasukumwa kwenye mteremko. Na hapa ndipo tunapotofautiana na kamati: isitumike fedha yote kununulia trekta. Katika kila milioni 10 za bei, milioni 1 iwekwe kando kwa ajili ya breki za tela, pini, minyororo, na kumsomesha dereva. Kamati inasema fedha hiyo itapatikana msimu ujao. Msimu ujao tumeusikia tangu tela lilipofika, na tela bado halina breki.

Tunajua wapo watakaosema, "Katibu anatuchelewesha, mahindi yanaliwa na panya." Ni kweli panya wapo. Lakini tela linaweza kupelekwa kwa fundi Dodoma, kule SIDO, wakati trekta lenyewe linatafutwa, na kazi mbili zikaenda pamoja. Wala kamati isitegemee macho yake tu. CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, ina kazi ya kupima zana za kilimo. Kuwaandikia barua na kuuliza habari za aina ya trekta hakugharimu ng'ombe.

Lipo jambo la dereva. Kuna wanaodhani kwa kuwa mtoto wao ameendesha pikipiki miaka mitatu, trekta ni lake. Pikipiki haina kitu kinachoisukuma kwa nyuma. Dereva wa tela anaingiza gia nzito kabla ya mteremko, wala si katikati yake. Anayetoa gia ili ateremke bure, wenyewe vijana wanasema kuweka fri, aachishwe kazi siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti au wa katibu. Akisimama kwenye mwinuko, anaweka kabari za mti nyuma ya magurudumu kabla ya kushuka kwenda kukojoa. Na tela lisiingie barabara kuu baada ya jua kuzama kama halina taa na stika za kung'aa nyuma. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam hayalioni mpaka yamelifikia.

Na abiria? Hapa tunajua tutachukiwa. Kina mama wanasema, tela likienda sokoni tupu au lina nafasi, kwa nini sisi tutembee kilomita 14 na watoto mgongoni? Hoja yao ni nzito na hatuna jibu la kupendeza. Mtu aliyekaa juu ya magunia hana cha kushika, na magunia yakihama yeye ndiye wa kwanza kwenda chini yake. Sisi tunasema asipande mtu yeyote, wala tanboi, wala mjumbe wa kamati. Badala yake mkutano ujadili kulipa nauli ya gari la abiria kwa wanachama wanaokwenda kusimamia mizani, watu wawili kila safari, kwa zamu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya paja moja lililovunjika, na ile ya paja hata leo bado inalipwa na mama yake peke yake. Hilo nalo liwe ajenda.

Wajumbe wanaokwenda kuliangalia trekta wiki ijayo tunawaomba wachukue fundi wa kwetu, si wa muuzaji. Walale chini, waangalie chuma cha kuvutia kama kimechomelewa upya au kimepinda. Wapime tundu la pini kwa rula. Walipandishe mlima likiwa na mzigo, walisimamishe, walizime, waone kama breki ya mkono inalishika. Muuzaji akikataa kulipandisha mlima, warudi nyumbani na fedha yetu.

Anayetaka kuongeza la kwake, penseli imefungwa kwa kamba hapo pembeni.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya ofisi